Tuliacha Shilingi Ngapi?

Kama redio umeitundika mtini na jembe liko mkononi, endelea na kazi yako. Mazungumzo ya leo hayadai ukae kitako.

Naanzia kwa shangazi yangu. Kila Alhamisi saa nane mchana hujifunga kanga safi, akachukua kigoda na kijitabu alichokiviringisha ndani ya mfuko wa nailoni, akaelekea chini ya mwembe jirani na zahanati. Siku moja nilimsindikiza nikiwa na nia ya kukaa robo saa. Niliondoka jua likizama.

Wako ishirini na wawili, wanawake kumi na tisa na wanaume watatu ambao wamezoea kutaniwa. Katikati limewekwa sanduku la bati lenye kufuli tatu. Sanduku hulala kwa mweka hazina, funguo hulala nyumba nyingine tatu, na wenye funguo hizo si ndugu. Mwizi anayelitaka itambidi agonge milango minne usiku mmoja.

Kabla ya kufuli kuguswa, alisimama mwenyekiti. Ni mama muuza vitumbua, namfahamu tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mtoto. Akauliza: “Mkutano uliopita, mfuko wa jamii tuliacha shilingi ngapi?”

Wakajibu wote kwa mpigo mmoja: “Elfu arobaini na saba na mia tano!”

“Na mfuko wa mikopo?”

Wakajibu tena. Ndipo wenye funguo wakaja mmoja mmoja, kufuli zikalia kwa zamu, watu wawili wakahesabu noti na sarafu juu ya mkeka kila mtu akiona. Arobaini na saba na mia tano. Haikupungua, haikuzidi. Hapo mkutano ukaanza.

Wengi wa watu wale kusoma kwao ni kwa kubahatisha. Shangazi mwenyewe huandika jina lake kama anayechonga kinu. Daftari lipo, na katibu huliandika vizuri, ila hesabu yenyewe haikai daftarini. Inakaa katika vichwa ishirini na viwili. Karatasi unaweza kuichana, tarakimu ya moja unaweza kuigeuza saba kwa kalamu ya rangi ileile. Vichwa ishirini na viwili utavifanyaje?

Kisha wakaanza kuitwa kwa namba. “Namba nne!” Akaja, akanunua hisa tatu, akagongewa mihuri mitatu kijitabuni, akakaa. “Namba kumi na moja!” Huyo ni shangazi. Hisa moja tu, akiba ya wiki ilikwenda hospitali. Hakuna aliyecheka, ila kila mtu aliona. Aliyechelewa alitozwa faini ya mia mbili, na aliyechelewa siku ile alikuwa katibu. Akatoa, akinung'unika. Halafu yakaja maombi ya mikopo, na hapo ndipo niliposahau robo saa yangu. Mama mmoja aliomba elfu sitini akanunue mbolea. Mwenzake akamwambia, bila ukali, “Dada, mbolea ya elfu sitini kwa shamba lile la mbondeni? Au umeongeza jingine tusilolijua?” Ikabidi aeleze. Akaeleza, wakampa arobaini, akakubali.

Utaratibu huu haukuzaliwa kwetu. Ulianza Niger, upande wa Maradi, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini ambao tayari walikuwa na michezo yao ya kupeana. Kwa Kihausa waliuita Mata Masu Dubara, wanawake wenye maarifa. Miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa umefika Zanzibar, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na bara ukaenea kwa majina mengi: hisa, vikoba, kikundi, sanduku. Wataalamu watakwambia vikoba vina taratibu zake na hisa zina zake. Kijijini jina si hoja. Hoja ni kufuli.

Nimeanza na sanduku kwa sababu nimechoka na namna tunavyozungumzia uongozi wa vijijini. Umaskini tukiutaja tunataja mbegu, barabara, bei ya mazao, na hapo tuko sahihi. Uongozi tukiutaja tunataja semina. Ukumbi wa kata, karatasi kubwa ukutani, kalamu ya wino mzito, chai na chapati saa nne, posho saa kumi. Mtu anarudi kijijini na neno jipya mdomoni, “utawala bora”, na hajabadilika chochote. Mimi naona uongozi wa kijiji kiini chake ni kidogo sana: mtu aliyeshika mali ya wenzake anaulizwa mbele yao, naye anajibu. Hilo ni la mazoea, na mazoea hayaji kwa kalamu ya wino mzito. Yanakuja kwa shilingi ya kweli, wiki baada ya wiki, mpaka kuuliza kusiwe ugomvi na kuulizwa kusiwe tusi.

Tanzania tuliwahi kuwa na vijiji vilivyolizoea jambo hili kwa ukubwa kuliko sanduku. Twende Songea.

Mwaka 1960, kabla ya uhuru, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kikipigania uhuru huo, walikwenda kuanzisha makazi mahali paitwapo Litowa. Mtaji hawakuwa nao. Baadhi walishindwa wakarudi makwao, na sioni ajabu. Kufyeka pori huku ukisubiri mahindi ya kwanza ni kazi inayowakata watu hamu ya siasa. Waliobaki, wakiwa na kijana mmoja aitwaye Ntimbanjayo Millinga mbele yao, walikijenga kijiji. Vingine vikavutiwa. Mwaka 1963 wakasajili chama, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho watu wamezoea kukiita RDA kwa herufi za Kiingereza, na kufikia mwisho wa miaka ya sitini kilikuwa na vijiji kama kumi na saba. Mwingereza Ralph Ibbott alihamia Litowa na familia yake akawa mshauri wao. Mwaka 2014 alitoa kitabu kuhusu miaka ile.

Walichokifanya? Walilima pamoja, wakala pamoja kwa jasho lao, hayo mnayajua. Mimi linalonivuta ni jinsi walivyoamua. Shamba liwe ekari ngapi, nani aende kujifunza ufundi, fedha ya mavuno igawanywe vipi na ibaki kiasi gani, yote yalipitia mkutanoni, na aliyechaguliwa kusimamia alirudi mkutanoni kueleza. Kwa namna hiyo wakaweza kumiliki vitu ambavyo kijiji kimoja peke yake kisingevigusa: mashine ya kusaga nafaka Songea, kiwanda cha kupasua mbao, kazi ya kusokota na kufuma sufu. Shule ya Litowa, mwalimu mkuu akiwa Suleiman Toroka, ilikuwa na mashamba yake na watoto waliojifunza hesabu kwa mazao waliyoyalima wenyewe, na hayo yalikuwa yakifanyika kabla Rais Nyerere hajatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Septemba mwaka huohuo alipotoa maandiko yake ya Ujamaa Vijijini, aliandika kijiji ambacho tayari kilikuwepo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nalipenda. Walipotaka kusaidia kijiji kichanga, walituma wanakijiji wazoefu wakaishi huko, wakalima huko, wakakaa kwenye mikutano ya huko mpaka wenyeji wakasimama. Mtu aliyewahi kutetea hesabu yake Litowa akikaa mkutanoni pako miezi sita, utajifunza zaidi ya semina hamsini.

Sasa fikiria wewe ni kiongozi wa mkoa au wa chama, una mpango wako wa zao la tumbaku, una malengo yaliyotoka juu, unafika kijijini na gari lako. Wanakijiji wanakukaribisha vizuri, wanakusikiliza, halafu wanasema: tutalijadili mkutanoni, tutakupa jibu. Jibu linakuja: hapana, si mwaka huu. Wametumia njia ileile wanayomtumia msimamizi wao wa shamba. Kwao ni mazoea. Kwako ni uasi.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikutana Dar es Salaam ikakivunja chama kile cha Ruvuma. Mali zake zikachukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa, washauri wa kigeni wakaondoka. Nyerere mwenyewe ndiye aliyekuwa kiongozi wa TANU iliyofanya hivyo, na nimesikia watu wakibishana mpaka chai ipoe kama alishindwa na wenzake au aliachia. Mimi siingii humo. Najua kilichofuata. Novemba 1973 kuishi katika vijiji kukawa amri. Operesheni ya kuhamisha watu ikaja na malori, watu wakashushwa na makuti yao, na mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 wakahesabiwa kuwa wanaishi vijijini. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa tangu 1972, vyama vya ushirika vikafutwa 1976. Litowa ilichukua karibu miaka kumi kujifunza kuuliza. Vijiji vya operesheni vilipewa mwenyekiti, katibu na malengo, vikaambiwa vimekuwa vijiji.

Nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu ambacho mpaka leo tunakitafuta kwa tochi. Vijiji vingi viliibuka na ofisi kabla ya kuwa na mazoea.

Sheria ilirudi baadaye, na ukiisoma ni sheria nzuri. Ile ya mamlaka za wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inampa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, mkutano ambao hukaa kila miezi mitatu, na inaipa halmashauri ya kijiji wajumbe kati ya 15 na 25. Tuna zaidi ya vijiji 12,000. Piga hesabu mwenyewe, kwa mwaka hiyo ni karibu mikutano elfu hamsini ya kusomewa mapato na matumizi. Ingekuwa inafanyika, tungekuwa taifa la wahasibu. Lakini wewe uliyeko kijijini unajua. Wa Januari uliahirishwa kwa sababu ya kilimo, wa Aprili kwa sababu ya mvua, wa Julai akidi haikutimia. Mwenyekiti hana mshahara, ana shamba lake la kupalilia. Mtendaji wa kijiji ana mshahara, ila umetoka wilayani na macho yake yako wilayani. Mkutano unaojaa ni ule wa kutaja kaya maskini za kusaidiwa na mfuko wa TASAF. Nao hujaa kwa sababu kuna kitu mezani, na mimi siwalaumu watu kwa hilo. Nalichukua kama funzo: watu huja palipo na cha kuulizia.

Na nisije nikaonekana nawanyooshea wengine kidole. Mimi nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya maji.

Tulipewa pampu ya mkono, kisima kizuri, maji matamu. Tukakubaliana ndoo shilingi ishirini, fedha iwekwe kwa ajili ya matengenezo. Walinichagua kwa sababu nilikuwa nimesoma, na nilikuwa na kabati lenye kitasa. Nakwambia kweli, sikuiba. Mwezi wa tatu mwenyekiti wa kamati alifiwa, akaja usiku kukopa fedha ya jeneza. Ningemnyima vipi? Nikaandika kwenye karatasi, karatasi nikaiweka kabatini. Mwezi wa tano mjumbe mmoja mtoto wake alifaulu, akahitaji sare na godoro. Mwezi wa saba mimi mwenyewe nilikopa kidogo, nikijua nitarudisha mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeniuliza. Wanawake walileta ishirini ishirini zao, wakashukuru, wakajitwika ndoo wakaondoka. Kuniuliza kungekuwa kunitukana, nilikuwa msomi.

Mpira wa ndani ya pampu ukakatika mwezi wa tisa. Kipuri hakikuwa ghali. Nikafungua kabati, nikakuta karatasi.

Wanawake walirudi mtoni miezi miwili na nusu. Kutoka kwetu mpaka mtoni ni mwendo wa dakika arobaini kwenda, kurudi ni zaidi kwa sababu ya mlima na ndoo. Wasichana wawili jirani zangu waliacha vipindi vya asubuhi. Hayo nayataja kwa sababu watu wakisema “uongozi mbovu unaleta umaskini” inasikika kama hotuba, lakini mimi nimeuona ukipita mbele ya nyumba yangu saa kumi na moja alfajiri na ndoo kichwani, na mmoja wa wenye ndoo alikuwa shangazi. Alinisalimia kila siku. Afadhali angenitukana.

Kisanduku kina kikomo chake, nalijua hilo. Elfu arobaini na saba haijengi daraja. Mkopo wa mbolea hauongezi bei ya mahindi kwa mlanguzi mwenye lori. Kikundi kinaweza kuvunja mzunguko mwisho wa mwaka, wakagawana, mabati yakapanda juu ya nyumba kumi, na barabara ikabaki ileile. Ili kijiji chenyewe kiinuke lazima mazoea ya chini ya mwembe yapande mpaka mali ya kijiji kizima. Inawezekana? Twende Kilwa.

Huko kuna mpingo. Unaufahamu kwa vinyago vya Wamakonde. Ulaya wanaufahamu kwa klarineti. Mti wenyewe huchukua miaka sabini na zaidi kukomaa. Kwa miaka mingi mfanyabiashara alikata leseni wilayani, akaja na misumeno, akaondoka na magogo, na kijiji chenye msitu kikabaki na alama za matairi. Kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuandikia mpango wa usimamizi, na fedha ya mavuno yake kubaki kijijini. Vijiji kadhaa vya Kilwa vikaifanyia kazi, Kikole kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, vikisaidiwa na shirika la hifadhi ya mpingo. Mwaka 2009 wakapata cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa bila kuuharibu msitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji.

Lakini mimi nitakuonyesha nyundo. Kijiji chenye msitu wake kina nyundo yenye alama yake. Gogo likishaanguka, kamati ya maliasili hulipima urefu, hulipima unene, huandika, kisha hugonga alama kwenye kichwa cha gogo. Gogo lisilo na alama likikutwa barabarani ni la wizi. Kwa hiyo anayeishika nyundo ameishika mali ya kijiji kizima, na swali linalomfuata ni lilelile la chini ya mwembe: umegonga mangapi, yenye ujazo gani, fedha iko wapi? Fedha ikishaingia kwenye akaunti, mkutano mkuu ndio husema iende wapi. Na mkutano huo hujaa, maana safari hii kuna cha kuulizia.

Sisemi kila nyundo iko mikono safi. Fedha ya gogo ni kubwa kuliko ya hisa, na penye fedha kubwa hufika wageni wenye tabasamu. Kijiji ambacho watu wake hawajazoea kuuliza elfu mbili kitapewa milioni ishirini za mbao na kitakaa kimya vilevile, kwa heshima, kama walivyonikalia kimya mimi na kabati langu. Ndiyo maana nikisikia mradi unaleta fedha nyingi kijijini kwa mkupuo, huuliza kwanza kama kuna sanduku hapo.

Kwetu sanduku lilikuja mwaka mmoja baada ya pampu kuharibika. Deni langu nilikuwa nimelipa, la jeneza lililipwa nusu. Mkutano mkuu uliitishwa, na safari hiyo ukakaa kweli. Mtendaji alisoma taarifa haraka haraka kama mtu anayepita makaburini: mapato ya gulio, ushuru wa mazao, mchango wa madarasa. Alipofunga daftari, mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna swali, huku akiwa amekwisha kusimama kufunga mkutano.

Mama muuza vitumbua akanyoosha mkono. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, pamoja na wenzake wa Alhamisi.

“Shikamoo mwenyekiti. Shikamoo mtendaji. Mimi swali langu ni dogo. Mkutano uliopita, mfuko wa gulio tuliacha shilingi ngapi?”

Wanaume wa mbele wakageuka. Mtendaji akatabasamu, akafungua daftari. Akapekua. Akarudi nyuma kurasa tatu, akapekua tena. Wale wanawake hawakusema neno, wakaweka vigoda vyao vizuri, wakasubiri.